Kompyuta Mbili Zisiposikilizana: Chanzo Kitafutwe Kabla ya Dawa

Si ajabu kukuta katika chumba kimoja cha shule kompyuta za Windows zikiwa pamoja na kompyuta ya Mac. Mwalimu hutaka kuhamisha faili kutoka moja hadi nyingine, na mara kazi hukwama. Hapo huanza tabia ambayo haina budi kupingwa: kubonyeza kila kitu, kuzima kinga zote, kisha kufurahi mambo yakienda bila mtu yeyote kujua sababu. Njia hiyo si ya kisayansi. Tena ina hatari.

Kompyuta hushirikiana faili kwa kufuata itifaki, yaani utaratibu wa mazungumzo uliokubaliwa na pande zote mbili. Itifaki inayohusika hapa huitwa SMB. Ilianzia katika kampuni ya IBM mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha Microsoft ikaiendeleza. Apple kwa muda mrefu ilipendelea itifaki yake yenyewe, AFP. Lakini mwaka 2013, katika toleo lililoitwa OS X Mavericks, iliitanguliza SMB. Hivyo basi Mac na Windows za leo zina lugha moja. Zikishindwa kuelewana, aghalabu kosa limo katika mojawapo ya ngazi nne, nazo zafaa kukaguliwa kwa utaratibu, moja baada ya nyingine.

Ngazi ya kwanza ni njia. Kila kompyuta iliyo katika mtandao ina anwani ya tarakimu. Anwani ikianza na 169.254, kwa kawaida maana yake ni kwamba kompyuta haikupewa anwani na ruta, ikajipa yenyewe. Katika hali hiyo ni kazi bure kuchunguza faili kabla ya njia kutengenezwa.

Ngazi ya pili ni jina. Pengine kompyuta ya pili haionekani katika orodha. Jaribio lake ni rahisi: iitwe kwa anwani badala ya jina. Kwenye Mac huandikwa smb:// na kufuatiwa na anwani. Kwenye Windows huandikwa \\ na kufuatiwa na anwani. Ikifunguka, ni dhahiri kwamba njia ni nzima na kosa ni la utangazaji wa majina tu.

Ngazi ya tatu ni mlango. Windows ikiambiwa kwamba mtandao ni wa hadhara, hujificha kwa makusudi; mtandao wa shule unaoaminika yafaa utajwe kuwa wa faragha. Mac nayo hudai ushirikiano wa faili uwashwe, na jina la mtumiaji atakayeingia kutoka Windows litiwe alama. Yafaa pia ikumbukwe kwamba tarakimu fupi za kufungulia Windows mezani si neno la siri la akaunti, wala hazikubaliwi kupitia mtandao.

Ngazi ya nne ni ruhusa. Mtu aweza kusoma faili lakini asiweze kuandika. Windows huweka ruhusa mbili, ya folda inayoshirikiwa na ya diski yenyewe. Iliyo kali zaidi ndiyo hutawala. Hata jina la faili laweza kuwa kikwazo: Mac hukubali alama ya kuuliza katika jina, Windows huikataa.

Wako watakaosema kwamba mwalimu mwenye vipindi vingi hana nafasi ya uchunguzi huu, na kwamba ni afadhali kuzima kinga au kurudisha toleo la kwanza la SMB, ambalo hukubali mambo kwa urahisi. Hoja hiyo yaeleweka, lakini gharama yake imekwisha kuonekana. Mwezi Mei 2017 programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilipenya kupitia kasoro katika utekelezaji wa toleo hilo ndani ya Windows. Ilifunga faili za kompyuta katika nchi zaidi ya 150, na hospitali nyingi za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu. Mwaka huohuo Microsoft iliacha kuliweka toleo hilo katika Windows mpya kama jambo la kawaida. Kulirudisha ili kuokoa dakika kumi ni sawa na kung'oa mlango kwa sababu ufunguo umepotea.

Zaidi ya hayo, kosa hili ni somo lisilohitaji kemikali wala vifaa vya ghali. Mwanafunzi hutoa dhanio, hubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, huandika matokeo, na huondoa sababu zisizohusika hadi ibaki moja. Ndivyo fizikia na biolojia zinavyofundishwa. Kompyuta isifanywe kitu cha miujiza kinachoombwa na kubembelezwa. Darasa lililozoea kuuliza "kosa liko ngazi gani?" litafaidika hata siku ambayo Mac na Windows zote zitakuwa zimesahauliwa.