Michezo ya simu: Mechi za alama ziachane na mechi za kujifurahisha

Jioni moja hapa Butembo, nilipita karibu na kibanda cha kuchajia simu. Vijana sita walikaa kwenye ukuta, vichwa chini, kila mmoja na simu yake. Mmoja nilimfahamu. Nilimfundisha kule Kanyabayonga kabla ya vita kutusukuma. Ana miaka 15. Alinyanyua kichwa, akanisalimia kwa heshima, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyefiwa: “Mwalimu, nimeshuka.”

Nilifikiri ameshuka kwenye pikipiki, ao ameshuka darasa. Kumbe ameshuka daraja ndani ya mchezo wa simu. Mtandao ulikatika katikati ya mechi. Uliporudi, mechi ilikuwa imekwisha, wenzake wamemtukana, na alama alizozitafuta wiki mbili zimepunguzwa. Mega za mechi ile alizilipa kwa kubeba mizigo sokoni.

Nilitaka kucheka. Lakini nilimwangalia macho, nikaona si jambo la kucheka. Mtoto huyu alipoteza nyumba, masomo na rafiki. Kitu kimoja kilichokuwa kinamwambia “unaendelea mbele” kilikuwa ile daraja ya mchezo. Na sasa hata hiyo imemrudisha nyuma, bila kosa lake.

Toka siku ile nimekuwa nikijiuliza, na nimeuliza vijana wengi: je, mchezo wa watu wengi kwa intaneti unapaswa kutenga mechi za kuhesabu alama na mechi za kujifurahisha tu? Jibu langu ni ndiyo. Tena nasema ndiyo hasa kwa ajili ya watu wa huku kwetu, Kanyabayonga, Kirumba, Butembo na Beni, ambao mara nyingi wale wanaotengeneza michezo hiyo hawatufikirii.

Kwa wazazi ambao hawaelewi mambo haya, nieleze kidogo. Tuchukue Free Fire, ambao vijana wengi wanaufahamu. Ni mchezo wa kampuni ya Garena ya Singapore, ulianza 2017. Watu 50 wanashushwa kwenye kisiwa, wanatafutana, na wa mwisho kubaki ndiye mshindi. Mechi inachukua kama dakika 10, na inaweza kuchezwa kwa simu ya bei ndogo. Ndiyo sababu umefika hadi kwetu.

Ndani yake kuna milango miwili. Kwa sababu simu zao ziko katika Kifaransa, wanafunzi wangu wanauita mlango wa kwanza “klase”. Hapo kila mechi inakupa alama ao inakunyanganya. Unaanza chini, kwenye shaba, unapanda kwenye fedha, dhahabu, na kuendelea. Msimu ukiisha, unashushwa tena na unaanza kupanda upya. Mlango wa pili ni wa kujifurahisha. Unacheza, unashinda ao unashindwa, na daraja yako inabaki palepale.

Wazo la kumpa mchezaji namba ya kuonyesha nguvu yake si la jana. Katika mchezo wa sataranji, profesa mmoja wa fizikia huko Marekani, Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria, alitengeneza hesabu ambayo shirikisho la dunia la mchezo huo lilianza kuitumia 1970. Ukimshinda mwenye nguvu unapata alama nyingi, ukimshinda dhaifu unapata kidogo. Lakini hata huko, watu wawili wakikaa chini ya mti na ubao wao, hakuna anayeandika namba. Mchezo ni uleule, lakini siku ya mashindano ni nyingine na siku ya maongezi ni nyingine.

Mimi ni mwalimu, na ninaliona jambo hili sawa na la darasani. Tuna mtihani wa taifa, na tuna mazoezi ya kila siku ubaoni. Mtoto anayekosea ubaoni tunamsahihisha, anakaa, kesho anajaribu tena. Fikiria kila zoezi la ubaoni lingekuwa na uzito wa mtihani wa taifa. Nani angenyanyua mkono? Wale watatu wa mbele tu. Wengine wangenyamaza mwaka mzima. Na kinyume chake, fikiria tungeondoa mtihani kabisa. Wale wanaojitahidi wangeuliza: tunajitahidi kwa ajili ya nini? Shurti vyote viwili viwepo, na shurti visichanganywe.

Sababu yangu ya kwanza ni hali ya mtandao na umeme. Mchezaji wa Paris ao wa Singapore anapopoteza mechi, mara nyingi ameshindwa na mtu. Mchezaji wa Kanyabayonga anashindwa na mtu, na mtandao, na betri, na mvua. Kompyuta zinazoendesha michezo hii ziko mbali sana na Kivu, na amri ya kidole chako inachelewa njiani. Ukipima watu hawa wote kwa mzani mmoja, daraja inapima antena kuliko inavyopima akili ya mtoto. Wakiwa na mahali pa kucheza bila kupimwa, angalau wanaweza kuchagua: leo mtandao ni mbaya, ninacheza bila alama. Mlango huo usipokuwepo, wanalazimishwa kuingia mtihani kila siku, hata siku ambayo kalamu haina wino.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi kwangu. Kanyabayonga iliingia mikononi mwa M23 tarehe 28 Juni 2024, na Kirumba ikafuata siku chache tu baadaye. Jamaa ziligawanyika. Wengine walikimbilia Lubero na Butembo, wengine walibaki, wengine walirudi kuangalia mashamba yao. Leo kuna ndugu wawili, mmoja ni huku na mwingine ni kule juu ya mlima wa Kabasha, na barabara iliyo kati yao si ya kupita kwa mchezo. Siku mtandao unapopatikana, wanakutana wapi? Wanakutana ndani ya mechi. Wanawasha sauti, wanaulizana habari za mama, za mbuzi, za nyumba kama bado ina mabati. Wanacheza huku wanaongea.

Sasa sikia tatizo. Katika michezo mingi, mlango wa alama hauruhusu watu wa daraja zinazoachana sana kuingia kikundi kimoja. Na hiyo ni haki, kwa sababu hodari angeweza kumbeba dhaifu mpaka juu. Lakini mdogo aliye kwenye shaba hawezi kuingia pamoja na mkubwa wake aliye kwenye almasi. Mlango wa kujifurahisha ndio unaowakutanisha. Ukiufunga, hauondoi mchezo tu. Unaondoa mahali pa mwisho ambapo watoto wa jamaa moja wanakaa pamoja.

Najua wako wanaokataa wazo hili, na hoja zao si za bure. Wa kwanza wanasema: ukitenga milango, unagawa wachezaji. Mahali penye wachezaji wachache, utangoja sana mechi ijae, ao mchezo utakujazia wachezaji wa mashine badala ya watu. Ni kweli. Mchezo mdogo wenye watu wachache usifungue milango mitano. Lakini milango miwili si mingi kwa mchezo wenye wachezaji mamilioni.

Wa pili wanasema: pasipo na alama, watu wanacheza ovyo. Wanatoka katikati ya mechi, wanawaacha wenzao. Na wale hodari wanashuka huko kuwapiga wanaojifunza, kama mtu mzima anayecheza mpira na watoto wa shule ya msingi na kufurahia magoli 20. Hiyo nimeiona kwa macho. Tazama mpira wa kartie zetu siku ya Yenga. Hakuna anayeuliza leseni, viatu ni vya kila namna, wengine hawana. Mara anakuja kijana wa timu ya ligi, na viatu vyake vya misumari, anawagonga watoto miguu. Mchezo unaharibika. Lakini je, tulifunga uwanja wa kartie? Hapana. Wazee walimwambia: ukija hapa, vua viatu, ao cheza na wakubwa wenzako.

Vilevile ndani ya simu. Mlango wa kujifurahisha usiwe soko lisilo na polisi. Hata kama daraja haionyeshwi, mchezo uendelee kuwakutanisha watu wa nguvu zinazokaribiana. Kampuni ya Activision, yenye mchezo wa Call of Duty, ilitangaza mwaka 2024 matokeo ya jaribio lake. Kwa baadhi ya wachezaji ilipunguza uzito wa kupanga watu kwa uwezo wao. Walio wengi wakarudi kucheza kwa uchache zaidi. Waliofurahi ni sehemu ndogo ya wale hodari kabisa, na hilo linaeleweka, maana simba hawezi kulalamika wakati mlango wa zizi umefunguliwa. Kwa hiyo kutenga milango hakutoshi. Shurti mlango wa wadogo ulindwe.

Kuna pia wazazi wanaoniuliza swali lingine, na siwezi kulikwepa: mwalimu, unatetea mchezo wa risasi kwa watoto waliokimbia risasi? Swali hili linaniuma. Mimi mwenyewe ningefurahi zaidi kuwaona kwenye mpira, kwa mguu ao kwa simu. Kwa mtoto ambaye anaruka usiku akisikia mlango unagonga, nasema wazi: mchezo wa risasi si dawa yake, mzazi auondoe. Lakini tukipiga marufuku kwa wote bila kuweka kitu kingine mahali pake, watacheza kwa kujificha, na hapo hatutajua wanacheza na nani, wala kwa feza gani. Na ninayosema juu ya milango miwili yanafaa kwa mchezo wowote, hata wa mpira ao wa magari.

Neno la feza linanipeleka kwa jambo la mwisho. Hatari kubwa ya alama si huzuni ya kushuka. Ni biashara inayozaliwa juu yake. Mtoto anayetaka kupanda haraka atanunua vitu ndani ya mchezo, atanunua akaunti iliyokwisha kupandishwa na mtu mwingine, ao atamlipa mkubwa amchezee. Wengine wanapanga mechi na kuweka feza mezani, mshindi anabeba. Daraja ikigeuka heshima pekee ambayo kijana anayo, atailipia hata na feza ya unga. Mlango wa kujifurahisha unamkumbusha kwamba mchezo ulikuwepo kabla ya daraja.

Basi ninaomba mambo machache. Kwa wanaotengeneza michezo: mwache milango miwili, na mlango wa kujifurahisha ubaki bila malipo na wenye ulinzi. Mtoto aliyekatwa na mtandao asihukumiwe mara moja kama aliyekimbia. Mpeni dakika za kurudi, na mtazame kama hukimbia kila siku ao ni mara moja. Anayekimbia kila siku, aadhibiwe.

Kwa vijana wanaopanga mashindano hapa Butembo na Beni: fanyeni vivyo hivyo. Siku ya mashindano iwe na sheria, mwamuzi, na umri ujulikane. Pia wekeni siku nyingine ya wote, bila feza mezani, ambapo aliyefika jana toka kambi ya wahamaji anaweza kushika simu bila kuchekwa.

Kwa wazazi: msiulize tu “umecheza saa ngapi?” Ulizeni pia “umecheza mlango gani, na umecheza na nani?” Majibu yatawaonyesha mengi. Anayecheza alama usiku kucha kwa hasira anahitaji kuzuiwa. Anayecheza nusu saa na binamu yake aliyebaki nyumbani, mwacheni amalize.

Yule mwanafunzi wangu nilimkuta tena baada ya wiki. Alikuwa palepale ukutani. Nikamuuliza: “Umepanda tena?” Akanijibu: “Hapana, Mwalimu. Leo nacheza tu. Niko na mdogo wangu wa Kanyabayonga.” Akanisogezea simu sikioni. Katikati ya kelele nilisikia sauti ndogo inamwita kwa jina la nyumbani, inamwambia maharagwe yamekomaa.

Sikuuliza nani alishinda.