Mkuu wa Polisi wa Wilaya na Sauti ya Wananchi

Mkuu mpya wa polisi anapopelekwa Kasulu au Kibondo, wananchi wa wilaya hizo huipata habari yake baada ya mambo yote kwisha. Uamuzi hutoka makao makuu ya Jeshi la Polisi, hupitia kwa Kamanda wa Mkoa kule Kigoma, na mtu mwenyewe huwasili na mizigo yake. Wale ambao atakuwa na uwezo wa kuwakamata na kuwaweka rumande hawakuulizwa neno, wala hawataulizwa siku atakapohamishwa.

Hatusemi kwamba mkuu wa polisi apigiwe kura. Askari anayetafuta kura ataogopa kumgusa mwenye fedha. Huko Uingereza, katika England na Wales, wananchi walianza mwaka 2012 kuwachagua makamishna wenye mamlaka ya kuwateua wakuu wa polisi. Waliojitokeza mara hiyo ya kwanza walikuwa kiasi cha asilimia 15 tu, na mwaka 2025 serikali ya huko ilitangaza kwamba vyeo hivyo vitafutwa. Lakini kati ya kupiga kura na kunyamazishwa kabisa ipo nafasi kubwa, na ndiyo tunayoizungumzia.

Katiba yetu ya mwaka 1977 inasema katika Ibara ya 8 kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Ibara ya 146 yaenda mbali zaidi, kwani inaitaja kazi ya kuhakikisha utekelezaji wa sheria na ulinzi wa wananchi kuwa mojawapo ya kazi za serikali za mitaa. Halmashauri basi imepewa wajibu wa ulinzi, lakini haina neno juu ya mtu anayeuongoza ulinzi huo wilayani.

Katika nyanda za juu za Kigoma jambo hili lina uzito ambao pengine halina mahali pengine. Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana. Mkulima wa Mabamba au wa Heru Juu akifungua kinywa kizuizini, askari aliyetoka mbali hawezi kumtofautisha kwa sikio na mtu wa ng'ambo ya mpaka. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo. Nduta ya Kibondo ikafunguliwa upya mwaka 2015 Warundi walipomiminika. Hapo katikati tulikuwa na miaka ambayo magari yalisindikizwa na askari wenye bunduki kwa hofu ya majambazi. Mkuu wa polisi asiyeijua historia hiyo aweza kukosea kwa njia mbili: kumwona kila Muha kuwa mgeni, au kumwona kila mkimbizi kuwa jambazi. Makosa yote mawili humwangukia mtu asiye na hatia, na mwalimu wa shule ya msingi ndiye huombwa usiku aandike barua ya kumtambulisha mzazi wa mwanafunzi wake.

Tena, kuanzia mwaka 1998 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilisaidia kugharimia askari wetu waliolinda kambi. Mfadhili akiuliza habari za ulinzi, hujibiwa. Mwanakijiji wa Makere, anayelipa kodi, amwulize nani?

Wapo watakaosema kwamba wananchi hawana ujuzi wa mambo ya usalama. Hao wamesahau sungusungu. Mapema katika miaka ya 1980 wanavijiji wa Usukumani na Unyamwezini walijichagulia makamanda wao wenyewe kupambana na wezi wa ng'ombe. Chama na Serikali viliwaunga mkono, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ilirekebishwa ili kuwatambua. Kweli, baadhi yao walipiga na hata kuua watuhumiwa, na hilo halina utetezi. Walikosa mafunzo ya sheria. Polisi wanayo mafunzo hayo, ila wanakosa kile walichokuwa nacho sungusungu, yaani kuwajua watu na kujulikana nao.

Hoja nzito zaidi ni ya magendo: kwamba mkuu wa polisi mkali atachongewa na wale anaowabana mpakani. Hatari hiyo ipo. Lakini leo mchongezi huandika barua bila jina na kuipeleka juu, na hakuna awezaye kumhoji. Neno likisemwa katika mkutano mkuu wa kijiji, mbele ya majirani, na kuandikwa katika muhtasari, msemaji hujulikana na shughuli zake hujulikana.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi. Kabla nafasi haijajazwa, halmashauri ikusanye kutoka mikutano ya vijiji maelezo ya hali ya ulinzi na aina ya kiongozi anayehitajika, na Kamanda wa Mkoa ayapeleke makao makuu. Mkuu mpya akifika, asiishie katika Kamati ya Usalama ya Wilaya inayokaa faraghani. Aende mbele ya Baraza la Madiwani, aulizwe na ajibu. Na akihamishwa, maoni ya wilaya aliyoitumikia yaingie katika jalada lake, mema kwa mabaya. Uteuzi utabaki mikononi mwa Mkuu wa Jeshi la Polisi kama sheria inavyotaka.

Tume ya Haki Jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilipendekeza mwaka 2023 kwamba Jeshi la Polisi lifumuliwe na kuundwa upya liwe chombo cha huduma. Mabadiliko ya namna hiyo huanza kwa mavazi na majina, kwa kuwa hayo ni mepesi. Watendaji wa vijiji na walimu wa Kasulu na Kibondo, ambao ndio huandika mihtasari ya mikutano, hawana haja ya kungoja waraka. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi mitatu kwa mujibu wa sheria. Ulinzi uwekwe katika ajenda, na muhtasari wake upelekwe kwa diwani na nakala kwa Kamanda wa Mkoa.