Mvuvi Mwanagenzi na Uchaguzi wa Kinamasi

Juma hili ukurasa wetu wa nyumbani unajibu swali la mama mmoja wa Kagarama, ambaye mumewe ni askari. Anaeleza kwamba mzee amenunua kayaki, yaani kimtumbwi chembamba kiendeshwacho kwa kafi lenye bapa mbili, na kwamba likizo itakapofika anakusudia kwenda kuvua pamoja na kijana wao wa kwanza. Wote wawili ni wanagenzi. Mama anauliza: "Je, nimruhusu mwanangu aende?"

Jibu letu ni kwamba aende, kwa sharti moja: mahali pachaguliwe kwanza, chambo kifuate baadaye.

Mkazi wa Kagarama hushawishika kuteremka njia ya Gahanga hadi Nyabarongo, kwa kuwa ndiko karibu. Tunawasihi wasifanye hivyo. Mto ule una mkondo wenye nguvu, maji yake ni mekundu kwa udongo wa vilimani, na wanyama wakali, mamba na viboko, hawakosekani katika bonde lake na katika maziwa ya Bugesera. Hapo si mahali pa mtu anayejifunza. Nako Nyandungu, bustani iliyofunguliwa mwaka 2022, ni mahali pa familia kutembea na kutazama ndege. Ndoana ibaki nyumbani.

Kwa mwanagenzi, afadhali Ziwa Muhazi. Ziwa hili ni bonde lililojaa maji, refu na jembamba, lenye hori nyingi zinazoingia kati ya vilima. Ndani ya hori hizo, pale mafunjo yanapokutana na maji wazi, ndipo ngege na kambare hupata chakula na kivuli.

Zipo dalili nne za mahali pema. Kwanza, ndege: mdiria na mnandi wakipiga mbizi mara kwa mara, samaki wadogo wapo, na wakubwa hawako mbali. Pili, kina: simamisha kafi majini, likigusa chini kabla ya kuzama lote, mahali panafaa. Tatu, upepo: asubuhi maji hutulia, lakini mchana upepo huamka na kufuata urefu wa ziwa. Anza safari kwa kuukabili, ili ukusaidie wakati wa kurudi ukiwa umechoka. Nne, njia ya kutokea: usiingie penye upenyo mmoja tu kati ya mafunjo.

Dalili hiyo ya nne mwandishi aliijua kwa gharama. Miaka kadhaa iliyopita niliingia katika upenyo mtulivu, nikafurahia kimya chake. Sikujua kwamba mafunjo yale hayakushika ardhi bali yalikuwa yakielea. Upepo ulipovuma yalisogea, na mlango nilioingilia ukafungika. Nilikaa humo hadi jua lilipokaribia kuchwa, ndipo wavuvi wawili wa kijijini waliponisikia nikipiga kelele, wakanifungulia njia kwa upondo. Mmoja wao aliniuliza kwa upole kwa nini sikuwauliza wenyeji asubuhi. Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo, kabla ya kushusha chombo, mzee aende kwa ushirika wa wavuvi na kwa viongozi wa mahali. Atapata habari za kibali, za majira yaliyofungwa na za sehemu zilizohifadhiwa. Akiona mashimo ya duara kama sahani penye maji haba, ayaache: hayo ni malalo ya ngege wanaozaliana. Anayevua hapo anakula mbegu.

Wasomaji wetu waliotumikia Cabo Delgado, huko Msumbiji, tangu mwaka 2021, wameona kinamasi cha namna nyingine, cha mikoko. Huko bahari hupwa na kujaa kila baada ya saa sita hivi. Maji yakipwa, samaki hutoka katika vijito, na mvuvi huwangojea mlangoni. Lakini wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hukimbia upesi, na mzembe huachwa juu ya tope. Kisa ni kilekile: maji hayamngoji mtu.

Kuhusu vifaa, kila mmoja avae jaketi la kuokolea maisha, lililofungwa barabara, na firimbi shingoni. Kafi lifungwe kwa kamba. Viatu vya mpira virefu visivaliwe, maana hujaa maji na kumvuta mtu chini. Wakirudi wajikaushe mara moja, kwa kuwa kichocho hukaa katika maji yaliyotulia penye majani.

Na wewe mama, siku ya kwanza isiwe ya kuvua kabisa. Baba na mwana waingie katika maji ya kiunoni, wapindue chombo kwa makusudi, na kijana ajifunze kukipanda tena. Akilimudu hilo mara tatu, mpe baraka zako. Saa tano asubuhi wote wawe nchi kavu. Asipolimudu, lifiche kafi hadi likizo ijayo. Samaki wa Muhazi watakuwepo.

Juma lijalo: namna ya kukausha kambare kwa kuni chache.