Pointi laki moja za hoteli zina thamani gani Lilongwe?

Familia nyingi zilizohama kambi ya Dzaleka na kupelekwa Marekani hupata barua zinazofanana. Benki inatangaza kadi ya mkopo yenye jina la kundi la hoteli na kuahidi pointi 60,000, 100,000 au zaidi kwa atakayejiunga na kutumia kiasi fulani katika miezi ya mwanzo. Habari hizo haziishii huko. Zinafika Dzaleka na Lilongwe kwa simu, kwa ndugu anayefuata vitenge na vyombo Kariakoo, na swali huwa moja: hizo pointi zinaweza kulipia kitanda safarini?

Jibu ni kwamba zinaweza, ila si kila mahali, na mara nyingi si mahali ambapo mfanyabiashara huyo analala.

Kosa la kwanza katika kulinganisha kadi hizi ni kutazama ukubwa wa namba. Anayevuka mpaka wa Kasumulu na Songwe ndiye aliyepaswa kuwa wa mwisho kulifanya, kwa sababu anajua kuwa noti elfu moja ya Malawi na noti elfu moja ya Tanzania ni vitu viwili tofauti. Pointi ni sarafu iliyochapwa na hoteli. Watu wanaofuatilia kadi hizi Marekani hukadiria pointi moja ya Hilton kuwa karibu nusu senti, ya IHG hivyo hivyo, ya Marriott kama senti 0.7, na ya Hyatt kama senti 1.7. Kwa hesabu hiyo, zawadi ya pointi 100,000 za Hilton ni kama dola 500, na zawadi ya pointi 30,000 za Hyatt ni kama dola 510. Barua yenye namba kubwa imeshindwa, kwa tofauti ndogo, na barua ambayo wengi wangeitupa.

Hapo ada bado haijatolewa. Kadi ya kawaida ya Hilton haina ada ya mwaka, ya Hyatt ni dola 95, ya IHG Premier ni dola 99, na ya Marriott Boundless ni dola 95. Ofa zenyewe hubadilika kila baada ya miezi michache, kwa hiyo anayelinganisha afanye hesabu upya siku anayojaza fomu. Kanuni za kuomba nazo hazifanani. American Express, inayotoa kadi za Hilton, kwa kawaida humpa mtu zawadi ya kadi moja mara moja tu maishani. Chase, inayotoa za Hyatt, Marriott na IHG, huwakataa wengi waliokwisha kufungua kadi tano au zaidi za benki yoyote ndani ya miezi 24.

Tofauti kubwa kati ya pointi na fedha halisi ni kwamba pointi haina benki kuu. Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 44, kutoka karibu kwacha 1,180 hadi 1,700 kwa dola. Uamuzi huo ulitangazwa, ukapigiwa kelele bungeni na sokoni, na kila mwenye duka Lilongwe anaikumbuka wiki ile. Hoteli hazina haja ya kelele hizo. Hilton iliacha kuchapisha jedwali la bei za vyumba kwa pointi mwaka 2017, na Marriott ikafuata njia hiyo 2022. Tangu hapo bei ya chumba kwa pointi inapanda na kushuka kadiri kampuni inavyoona, na aliyejiwekea pointi miaka mitatu akisubiri safari anaweza kukuta usiku uliokuwa wa pointi 30,000 sasa unataka 45,000. Hyatt ndiyo iliyodumu muda mrefu zaidi na jedwali lililo wazi. Hiyo ni sababu mojawapo ya pointi yake kuheshimika. Kwa ufupi, pointi si akiba.

Halafu linakuja suala la wapi pa kuzitumia. Hoteli zinazotajwa sana Lilongwe, kama Sunbird Capital na Sunbird Lilongwe, ni za Sunbird Tourism, kampuni ya Malawi iliyo kwenye soko la hisa la Malawi. Pointi za Hilton au Hyatt hazina kazi pale. Kwa mwenye pointi za Marriott, jina linalojulikana zaidi nchini ni Protea Ryalls, na hiyo iko Blantyre, karibu kilomita 300 kusini. Dar es Salaam kuna nafuu: Hyatt Regency The Kilimanjaro na Four Points by Sheraton New Africa, ambayo ni ya Marriott, zote ziko katikati ya jiji na si mbali na Kariakoo. Dubai na Guangzhou, wanakokwenda wenye mitaji mikubwa, hoteli za makundi yote manne zimejaa tele. Kwa mtu wa njia ya Lilongwe, Mzuzu, Mbeya na Dar, basi, zawadi ya kukaribishwa ni ya kituo cha mwisho tu. Vituo vya katikati ni vya gesti, na gesti haina pointi, ingawa mwenye gesti anayemjua mteja wake humpunguzia bei bila kumjazisha fomu.

Lililo zito zaidi halimo kwenye barua ya benki hata kidogo, nalo ni kiwango cha kubadilishia fedha. Tangu 2024 kiwango rasmi cha kwacha kiliganda karibu na 1,750 kwa dola, huku uhaba wa fedha za kigeni ukiusukuma ubadilishaji wa mtaani mbali nacho. Kufikia 2025 dola moja mtaani ilikuwa inapata zaidi ya mara mbili ya kiwango rasmi. Kadi iliyotolewa Marekani haijui mtaa. Ikipitishwa kwenye mashine ya hoteli au duka la Lilongwe, malipo ya kwacha yanageuzwa dola kwa kiwango rasmi.

Chukua mfano wa chumba cha kwacha 170,000. Kwa kadi, mwenyewe anakatwa karibu dola 97. Bei hiyo hiyo ikipimwa kwa kiwango cha mtaani haifiki dola 49. Zawadi anayopata kwa malipo hayo kwenye kadi ya Hyatt, pointi moja kwa kila dola kwa kuwa hoteli si ya Hyatt, ni pointi 97, yaani dola moja na senti 65 hivi. Pengo ni dola 48. Kubadilisha fedha mtaani ni kosa kisheria Malawi, na wapo walioondoka na noti bandia au wasiondoke na kitu. Lakini bei za sokoni zinapangwa na watu wanaolijua pengo hilo, na mgeni anayelipa kwa kadi ndiye anayelibeba. Mwenye kadi ya nje ana sababu nzuri ya kuitumia kwa vitu vyenye bei ya dola, kama tiketi ya ndege au chumba cha Dubai, na kuiacha mfukoni kwa vitu vyenye bei ya kwacha.

Jambo jingine dogo ni la mashine zenyewe. Kadi za Hilton ni za American Express, na mashine nyingi za Lilongwe ni za Visa na Mastercard. Aliyetua Kamuzu akiwa na Amex peke yake atatafuta fedha taslimu kabla ya jioni.

Na hapo ndipo wengi wanapoumia. Kutoa noti kwenye mashine ya benki kwa kadi ya mkopo huhesabiwa kuwa ni kukopa fedha taslimu: kuna ada, riba inaanza siku hiyo hiyo, na kiasi hicho hakihesabiwi kwenye masharti ya zawadi. Mara nyingi ni hivyo hivyo kwa anayetuma fedha kwa ndugu kupitia kampuni ya kutuma fedha na kulipia kwa kadi. Ndugu aliyeko Marekani anatakiwa kutumia, tuseme, dola 3,000 ndani ya miezi mitatu ili apate pointi zake. Anaona kuwa kila mwezi anatuma dola mia mbili tatu Dzaleka, anaamua kuzipitisha kwenye kadi ili namba ifike. Namba haifiki, na ada imekatwa. Wastani wa riba ya kadi Marekani umekuwa zaidi ya asilimia 20 tangu 2023. Deni la dola 3,000 likikaa mwaka mzima kwa asilimia 21 linazaa riba ya dola 630 hivi. Zawadi yote ilikuwa dola 510.

Kwa hiyo zawadi inamfaa yule ambaye angetumia fedha hizo hata bila kadi, na anayelipa salio lote kila mwezi. Familia iliyofika juzi, inayolipa kodi ya nyumba na kutunza wazazi walioko kambini, haina nafasi hiyo. Benki nazo kwa kawaida hazimpi kadi ya aina hii mtu asiye na historia ya mikopo.

Upande wa Dzaleka kwenyewe, mazungumzo ya kitanda cha Lilongwe yana kikwazo kikubwa kuliko riba. Kambi hiyo ya wilaya ya Dowa, chini ya kilomita 50 kutoka mji mkuu, iliwahi kuwa gereza na ilifunguliwa kwa wakimbizi 1994. Ilipangwa kwa watu 10,000 hadi 12,000 na sasa ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Malawi iliweka akiba kwenye Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 kuhusu ajira na uhuru wa kutembea, na mwaka 2023 serikali iliwaagiza wakimbizi wanaoishi mijini warudi kambini kabla ya Aprili 15. Mwezi uliofuata polisi waliwakusanya kwa nguvu, na watu waliokuwa na maduka Lilongwe kwa miaka waliacha mzigo rafuni. Mfanyabiashara wa Dzaleka anayelala mjini bila kibali anahofia zaidi mlango kugongwa usiku kuliko bei ya chumba.

Kundi la wenye kadi nalo haliongezeki. Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi Januari 2025, na waliokuwa kwenye foleni Dzaleka wamebaki palepale.

Kwa waliokwisha fika huko na wanaolipa madeni yao vizuri, iko njia moja ya kumsaidia ndugu bila kugusa kiwango cha kwacha: kuweka chumba cha Dar kwa pointi kwa jina la mgeni. Hilton inaruhusu jamaa kuchangisha pointi kwenye mfuko mmoja bila ada, na Hyatt huruhusu kumhamishia mwanachama mwingine. Mgeni atatakiwa kuonyesha hati yake mapokezi, na jina liwe lile lile lililo kwenye nafasi iliyowekwa. Kwa mwenye pasipoti ya Malawi au Tanzania hilo ni jambo la dakika mbili. Mkimbizi anahitaji hati ya kusafiria ya wakimbizi, na akiwa hana, safari yake inaishia Songwe kabla pointi hazijaulizwa.