Aibu ya mwenzetu ikome mikononi mwetu

SIFA njema zote anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.), ahali zake na masahaba zake.

Baadhi ya familia za pwani sasa huandika katika kadi ya harusi kuwa simu haziruhusiwi katika ukumbi wa akina mama. Sababu inajulikana. Wanawake wakiwa peke yao huvua mabuibui wakafurahi kwa amani. Mmoja akipiga picha na kuirusha kwenye WhatsApp, kabla ya Isha mwana wa watu amekwishaonekana na wanaume asiowajua, naye hana habari.

Mpiga picha hulaumiwa, na anastahiki. Lakini aliyeipokea akaisambaza je? Wengi hujitetea: "Mimi nimeletewa tu." Utetezi huo hausimami. Katika kisa cha Ifk, aliposingiziwa Mama wa Waumini, Bibi Aisha (R.A.), uzushi ulienea Madina kwa sababu watu waliupokea na kuupitisha ulimi kwa ulimi. Sura ya An-Nuur ikawakemea kwa hilo. Siku hizo hizo Bibi Zainab binti Jahsh (R.A.), mke mwenza aliyeweza kupata nafasi ya kumshusha mwenziwe, alipoulizwa na Mtume (S.A.W.) alichunga masikio na macho yake, akamtaja Bibi Aisha kwa kheri tu.

Mfano huo ndio tunaouhitaji majumbani. Leo mtu hutuma dua kila Ijumaa asubuhi, na usiku akasambaza aibu ya jirani kwa mkono ule ule. Mwaka 2019 WhatsApp iliweka mpaka kwamba ujumbe usisambazwe kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mpigo. Kampuni imepunguza kasi tu. Kwa aibu ya mtu, Muislamu hana ruhusa ya watano wala ya mmoja.

Basi wazazi tukae na watoto wetu, tuwafundishe kwa vitendo. Picha ya namna hiyo ikikufikia, usimuoneshe aliye pembeni yako. Ifute, kisha umnasihi aliyeituma faraghani, si mbele ya kundi zima, maana naye ana heshima yake. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa anayemsitiri Muislamu, Allah humsitiri duniani na Akhera. Nani kati yetu asiyeihitaji sitara hiyo?

Wabillahi tawfiq.