Usiilaani sagaa kabla hujaipika vyema

Kuna ugomvi mdogo ambao huzuka katika familia nyingi za mjini kila shule zinapofungwa. Watoto hupelekwa mashambani kumjulia hali nyanya yao, tuseme huko Kapsoit, Litein au ng'ambo ya Bomet. Jioni inapofika, ugali wa wimbi huletwa mezani pamoja na bakuli la sagaa. Mtoto huonja tonge moja, akakunja uso na kuuliza: "Kogo, hakuna sukuma wiki?"

Hapo nyanya hunyamaza, mama akaona haya mbele ya mkwewe, naye baba akafoka kwamba watoto wa siku hizi wameharibika. Chakula kilichopikwa kwa mapenzi hugeuka kuwa kesi. Safari nyingine mtoto hutafuta kisingizio cha kubaki mjini.

Je, kosa ni la nani? Si la mtoto wala la nyanya. Ulimi wa mtoto haujaharibika, bali haujajulishwa. Kuipenda mboga chungu ni jambo la kufundishwa taratibu, na mahali pa kufundishia ni jikoni.

Mboga yenye majina mengi

Sagaa ndiyo mgagani wa Kiswahili sanifu. Wakipsigis huiita isagek, Wakisii chinsaga, Wajaluo dek na Waluhya tsisaka. Mashamba makubwa ya chai yalipoanza kupandwa Kericho katika miaka ya 1920, wafanyakazi walitoka pande hizo zote, kila mmoja akaja na namna yake ya kuipika. Ndiyo maana ukizunguka soko la Kericho huwezi kukosa mtu wa kukuelekeza. Wanunuzi wa makabila mbalimbali hushika fungu moja na kuliita kwa majina tofauti.

Hata hivyo, kwa miaka mingi mboga hii ilidharauliwa. Wengi waliiona kuwa gugu linalojiotea karibu na zizi, chakula cha mtu asiyeweza kununua kabichi. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia ametumia miaka mingi kuchunguza mboga za kienyeji na kuonyesha thamani yake. Mwaka 2021, shirika la UNESCO liliorodhesha juhudi za Kenya za kuhifadhi vyakula vya asili miongoni mwa mifano mizuri ya kuigwa duniani.

Sagaa ina madini ya chuma na chokaa, pamoja na vitamini C na kiini cha vitamini A kinachosaidia macho. Chuma huhitajiwa hasa na wasichana waliobaleghe na akina mama wajawazito, kwa kuwa ndicho kinachojenga damu. Si ajabu kwamba Wakisii humpikia chinsaga mama aliyetoka kujifungua.

Kwa nini ulimi hukataa

Sumu nyingi za mimea huwa chungu. Kwa hiyo binadamu huzaliwa akiupenda utamu na kuukwepa uchungu. Mtoto anayetema sagaa anatii kengele ya hatari iliyo ndani ya mwili wake. Hana adabu mbaya.

Tena ndimi hazilingani. Mwaka 1931 mwanakemia Mmarekani, Arthur Fox, alikuwa akimimina unga fulani maabarani, vumbi lake likapeperuka. Mwenzake alilalamika kwamba vumbi hilo ni chungu mno, lakini Fox mwenyewe hakuonja kitu. Baadaye iligunduliwa kwamba tofauti hiyo hurithiwa. Kwa hiyo mzazi asimwambie mtoto mmoja, "Mbona dada yako anakula?" Huenda dada haonji kile anachokionja yeye.

Lakini kengele hiyo inaweza kuzoeshwa kunyamaza. Tazama chai, ambayo ndiyo maisha ya Kericho. Majani ya chai yaliyochemshwa kwa maji matupu ni machungu, na mtoto mchanga hawezi kuyafurahia. Sisi tuliijua chai ikiwa na maziwa na sukari, asubuhi yenye baridi, huku tumezungukwa na jamaa. Leo mtu mzima asipopata kikombe chake huumwa kichwa. Mursik nao, maziwa ya kibuyu yenye vumbi la mkaa wa mti wa senetwet, humshangaza mgeni, lakini aliyekua nao huona maziwa mengine hayana ladha. Tukiweza kuyazoea hayo, sagaa ina ugumu gani?

Siri iko kwenye maziwa

Wazee wetu hawakuwa na maabara, lakini walijua la kufanya. Sagaa ilichemshwa, ikatiwa maziwa au malai, kisha ikawekwa chunguni na kupashwa moto siku iliyofuata. Kila ilipolala na kupashwa, ukali wake ulipungua. Mafuta na protini za maziwa hufunika uchungu, na mafuta hayo husaidia mwili kufyonza kile kiini cha vitamini A.

Kwa familia ya watu wanne au watano, jaribu hivi:

Nunua mafungu matatu ya sagaa changa. Majani machanga, kabla mmea haujatoa maua mengi, si machungu sana kama yaliyokomaa. Chambua majani na vikonyo laini, tupa mashina magumu, kisha osha mara mbili au tatu mpaka mchanga uishe.

Chemsha kwa maji kiasi na chumvi kidogo kwa muda wa dakika 15 hivi. Kama familia bado haijazoea, mwaga maji hayo. Ni kweli utapoteza sehemu ya vitamini C, lakini mboga inayoliwa ikiwa imepungukiwa kidogo ina faida kuliko ile inayomwagiwa kuku. Wakishazoea, punguza maji mpaka usiwe na ya kumwaga.

Kaanga kitunguu kimoja kwa mafuta kidogo, tia nyanya moja ukipenda, kisha ongeza mboga. Mimina kikombe kimoja cha maziwa, au nusu kikombe cha malai, uache vitokote kwa moto mdogo mpaka maziwa yashikamane na majani. Onja chumvi. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba chumvi haiongezi tu ladha yake, bali hupunguza uchungu na kuruhusu ladha nyingine zijitokeze. Hata hivyo, kidogo chatosha, hasa nyumbani kwenye mgonjwa wa shinikizo la damu.

Ukitaka ilale, ihifadhi kwenye friji, na kesho yake uipashe mpaka itokote. Usiiache mezani usiku kucha, kwani maziwa yaliyochanganywa na mboga huharibika upesi kwenye joto.

Mwanafunzi anayeishi chumba kimoja na jiko moja asikate tamaa. Changanya fungu moja la sagaa na mafungu matatu ya kunde, mchicha au majani ya maboga, ambayo ni mapole zaidi. Wiki zinazofuata ongeza sagaa kidogo kidogo mpaka zilingane. Haba na haba hujaza kibaba. Njia hiyo hiyo inafaa kwa mnavu, yaani managu au isoik, ila hakikisha hukuchanganya tunda lolote bichi la kijani kwenye sufuria, kwani huwa na sumu.

Na sasa neno moja litakalowaudhi wenyeji wa Kericho: usishushie mboga hii kwa chai. Chai huzuia mwili kuchukua chuma kilicho kwenye majani. Subiri saa moja hivi baada ya kula. Chungwa au kipande cha ndimu hufanya kinyume chake, kwa kusaidia chuma kiingie mwilini.

Usitumie kiboko wala peremende

Katika miaka ya 1980, mtafiti Leann Birch wa Marekani na wenzake waliwachunguza watoto wadogo wanavyojifunza kupenda vyakula. Waligundua kwamba chakula kigeni huhitaji kuonjwa mara nyingi, pengine kumi au zaidi, kabla ya kukubaliwa. Wazazi wengi hukata tamaa baada ya mara tatu na kutangaza mbele ya mtoto mwenyewe, "Huyu hali sagaa." Mtoto akishapewa sifa hiyo, huilinda.

Walionyesha pia kwamba mtoto aliyeahidiwa zawadi ili atumie kitu fulani huishia kukipenda kidogo zaidi kuliko mwanzo. Ukimwambia, "Maliza mboga nikupe peremende," umemfundisha kwamba mboga ni adhabu na peremende ndiyo chakula. Kiboko nacho ni kibaya zaidi, kwa sababu hufunga sagaa na machozi katika kumbukumbu moja, na mtu huweza kuzeeka na kumbukumbu hiyo.

Kinachofaa ni tonge moja, bila kelele, mara moja au mbili kwa wiki. Baba naye ale mbele ya watoto. Ni kazi bure mama kuhubiri faida za mboga wakati mwenye nyumba ameagiza nyama peke yake. Waite watoto wachambue majani pamoja nawe. Mtoto aliyeshiriki kupika huwa na hamu ya kuonja kazi ya mikono yake.

Somo hilo huweza kuanza mapema kuliko tunavyodhani. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2001 ulionyesha kwamba watoto ambao mama zao walikunywa maji ya karoti wakati wa ujauzito au kunyonyesha, waliipokea ladha ya karoti kwa uso mkunjufu walipoanza kula. Wakisii wanaompa mzazi chinsaga huenda wanamwandalia mtoto ulimi wake pia.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya likizo ijayo anza kuipika sagaa nyumbani kwako, kwa maziwa mengi na maneno machache. Mkifika kwa kogo, mtoto aingie naye jikoni, amshikie sufuria na kumwuliza anatia maziwa wakati gani. Nyanya wengi hawajaandika mapishi yao popote. Wao huyafundisha tu kwa yule anayesimama karibu nao.