Gari la Marehemu Baba

Usitupe mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga. Ziko nyumba nyingi mijini ambazo uani mwake, chini ya mwembe, limelala gari la kale ambalo mwenyewe amekwisha tangulia mbele ya haki. Matairi yamekauka, kuku wanatagia kiti cha nyuma, na kila sikukuu inapowakutanisha ndugu, mjadala huanza upya. Mmoja ataka liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, mwingine ataka lifufuliwe, na mama mjane hasemi neno.

Ndugu msomaji, leo nazungumza na yule anayetaka kulifufua kwa mikono yake mwenyewe, uani kwake, baada ya saa za kazi. Tuchukue kwa mfano Volkswagen Beetle, lile gari la mgongo wa kobe ambalo wazee wetu wengi walilipenda. Lilianza kutengenezwa kwa wingi huko Wolfsburg, Ujerumani, mwishoni mwa mwaka 1945, na la mwisho lilitoka kiwandani Puebla, nchini Meksiko, mwezi Julai 2003, yakiwa yamekwisha tengenezwa zaidi ya milioni 21. Hapa Afrika Mashariki lilijipatia sifa kwa kushinda mashindano ya Safari mwaka 1954, 1957 na 1962.

Gari hili lafaa sana kwa mwanafunzi wa ufundi. Injini yake hupozwa kwa hewa, kwa hiyo halina rejeta wala maji ya kuvuja. Injini hiyo imeshikwa kwenye giaboksi kwa bolti kuu nne tu, na uzito wake ni kama wa gunia moja la mahindi. Watu wawili wenye jeki nzuri huishusha kwa muda mfupi. Bodi nayo imefungwa kwa bolti juu ya sakafu ya chuma, na vipuri vyake vingi vingali vinatengenezwa hata leo.

Lakini kabla ya kushika spana, shika karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Gari la marehemu ni sehemu ya mirathi, nalo si la yule aliyekaa nalo karibu. Hapana budi awepo msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, warithi wakubaliane nani atalichukua na kwa thamani gani, kisha kadi ya gari ihamishwe jina. Thamani hiyo ikadiriwe sasa, likiwa bovu. Ndugu anayetumia akiba ya miaka mitatu kulitengeneza gari lisilo lake kisheria anapanda mbegu ya ugomvi, kwa maana siku litakapowaka na kung'aa ndipo kila mrithi atakapokumbuka fungu lake. Aidha, linganisha namba za kwenye kadi na za kwenye gari. Katika Beetle namba ya chesisi imegongwa juu ya mgongo wa sakafu, chini ya kiti cha nyuma. Ya injini iko chini ya mahali pa kufungia dinamo.

Ukiwa hapo chini ya kiti cha nyuma, tazama betri. Tindikali inayomwagika kwa miaka mingi huila sakafu mpaka ardhi ikaonekana. Kisha gonga kwa bisibisi zile mbavu mbili zilizo chini ya milango, upande huu na huu. Hizo ndizo zinazobeba nguvu ya bodi, na kwa sisi tulio karibu na bahari chumvi ya hewani haizihurumii. Bisibisi ikizama, hiyo ni kazi ya kukata na kuchomelea, wala si ya kupaka puti. Fundi mwenye akili huchomelea kwanza vyuma vya muda kuvuka nafasi ya mlango, ili bodi isijikunje anapokata ubavu uliooza.

Injini nayo ina kipimo chepesi. Ikiwa imezimwa, shika kwa mikono miwili puli kubwa ya chini, uivute kwako na kuisukuma. Ukisikia mgongano wa wazi, beringi kuu zimechakaa, na injini yahitaji kufunguliwa yote. Kulijua jambo hilo siku ya kwanza ni bora kuliko kulijua baada ya kununua rangi.

Sasa nizungumzie hatari, maana karakana ya nyumbani imo ndani ya nyumba ya watu. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi imara za chuma juu ya ardhi ngumu, wala si matofali, ambayo hupasuka bila kutoa taarifa. Vumbi la viatu vya breki na klachi za zamani huweza kuwa na asbesto, ambayo hudhuru mapafu. Usilipulize kwa pampu, bali lilowanishe na kulifuta kwa kitambaa utakachokitupa. Rangi za kale nazo huenda zina madini ya risasi, hivyo piga msasa kwa maji, na watoto wadogo wakae mbali.

Hatari kubwa kuliko zote ni moto. Tangi la Beetle liko mbele na injini iko nyuma, na mpira wa petroli huishia karibu na distributa na vyuma vyenye joto kali. Mpira uliokaa miaka 20 hupasuka ukiguswa. Ubadilishe wote, ufunge klipu kila mwisho, wala usining'inize chujio la plastiki juu ya injini. Mzinga wa injini hiyo umetengenezwa kwa mchanganyiko wa madini ya magnesi, ambayo yakishika moto maji huyachochea badala ya kuyazima. Basi kizima-moto cha unga na ndoo ya mchanga mkavu viwepo kabla kazi haijaanza. Betri pia ifunikwe vizuri, kwa kuwa springi za kiti zikigusa ncha zake kiti huweza kuwaka pamoja na walioketi.

Kuhusu fedha, wengi huanza na rangi, kwa sababu rangi huonekana na majirani. Huko ni kuvaa kanzu mpya kabla ya kuoga. Utaratibu unaofaa ni huu: kwanza breki, usukani na matairi, pili sakafu na mbavu, tatu mpira wa petroli, nyaya za umeme na injini, rangi na viti vije mwisho. Weka kiasi cha kila mwezi ambacho mkeo anakijua na amekikubali. Ada ya shule isigeuke kuwa kabureta.

Vijana watataka pia kulirembesha. Si vibaya, ili mradi tutenganishe urembo na usalama. Gari la kabla ya 1967 kwa kawaida lina umeme wa volti 6 na taa hafifu. Kuligeuza liwe la volti 12 ni jambo la manufaa, lakini dinamo, balbu na vifaa vingine vya umeme vihusishwe. Mengi ya umri huo yana njia moja tu ya mafuta ya breki, na bomba moja likipasuka breki zote hupotea. Kuweka mfumo wa njia mbili na mikanda ya usalama ni pambo lipitalo mapambo yote. Lakini kulishusha gari mpaka tumbo liguse barabara zetu zenye mashimo, au kufunga injini yenye nguvu mara mbili juu ya breki zile zile za 1963, ni kuualika msiba. Rangi au injini ikibadilika, kadi nayo irekebishwe. Na kila kipande cha asili ukitoacho, kiandike jina na kukihifadhi sandukuni. Mwanao huenda akakihitaji.

Mwisho, kazi hii isiwe ya baba peke yake. Binti mwenye miaka 12 aweza kujifunza kupima nafasi ya plagi, na kijana aweza kuandika daftari la matumizi. Mama mjane naye aulizwe, kwa maana huenda yeye ndiye anayekumbuka rangi ya kwanza ya gari hilo, na safari lilizokwenda kabla ninyi hamjazaliwa. Na akisema liuzwe, neno lake lisikilizwe pia. Gari laweza kusubiri mwaka mwingine chini ya mwembe. Udugu ukishapata kutu, hakuna fundi wa kuuchomelea.